Tripodi ya elfu 85 iliyoniaibisha Ujiji (uzoefu wangu)

Kabla sijaanza kusema vibaya niseme kwanza kwamba miguu ya hii tripodi (stendi ya kamera ya miguu mitatu) haina shida. Inafunguka, inajifunga, nimeisimamisha kwenye mchanga wa Kibirizi na kwenye ngazi za saruji haijawahi kuyumba. Na miguu sigombani. Ninachogombana nacho ni kichwa, pale juu kamera inapokaa na kugeuzwa, na mtu aliyeniuzia kile kichwa.

Mi nashuti harusi na sherehe hapa Kigoma, kamera yangu ni Canon 700D nilinunua mkononi kwa mtu, nina lenzi ya kuvuta ya 18-135 na ile 50 ndogo ya f/1.8 ambayo kila anayeanza anayo. Vifaa vyangu vingi ni vya bei ya chini na sioni aibu hata kidogo. Taa yangu ya LED niliinunua kwa jamaa aliyeamua kuacha hii kazi akafungue duka la spea. Manyoya ya kuzuia upepo kwenye maiki nimeshonewa na fundi cherehani wa Mwanga kwa ngozi ya mdoli wa mtoto wa dada yangu, na pale ufukweni upepo ukivuma maiki haingurumi. Mzigo wa kuning'iniza katikati ya tripodi isiangushwe na upepo ni kiroba cha mchele nimejaza mchanga wa ziwani. Vyote vinapiga kazi. Kwa hiyo msinijie na ile ya rahisi ghali, mi na rahisi tunajuana toka zamani na huwa hatugombani.

Sasa hii tripodi niliiona kwenye simu, duka liko Kariakoo, picha kali, maelezo yanasema fluidi hedi, inabeba kilo 5, elfu 85. Kwa asiyejua, fluidi hedi ni kichwa ambacho ndani kina kilainishi kizito, ukigeuza kamera kushoto kulia au juu chini inasogea pole pole kama inapita kwenye asali, haidundi. Zenyewe za ukweli zinauzwa malaki. Nikajiuliza elfu 85 kweli? Nikajijibu mbona ile 50 ni bei rahisi na inatoa picha safi. Nikatuma hela. Mzigo ukapandishwa basi, ukaja mpaka huku mwisho wa reli, nikafungua boksi nikaona mkono mrefu wa kugeuzia, kapima maji kadogo kama ka fundi ujenzi, nikamwambia mdogo wangu saivi na sisi tumekuwa watu.

Nyumbani nilivyoijaribu niliona kitu ila nikajifanya sijaona. Ukikaza ile nobu ya pembeni kamera inatulia, ila ukitaka kugeuza inakwama, inakwama, afu inaruka. Ukilegeza inageuka vizuri ila pua ya kamera inaanza kuinama yenyewe. Katikati hapo hamna. Nikasema labda bado mpya italainika.

Siku chache kabla ya Ramadhani, kipindi kile harusi zinafuatana kama mabehewa, nikapata kazi Ujiji. Ndoa inafungwa barazani, wanaume wamekaa kwenye majamvi chini ya turubai, bi harusi yuko ndani na wanawake. Mi nikiwa mwanamke ndo raha yangu kwenye hizi kazi, naingia kote. Mpango ulikuwa tripodi ibaki nje imemkazia bwana harusi na shekhe, mimi nichukue simu niingie ndani nimpate bi harusi anavyosikiliza ndoa yake kwenye spika. Nikavuta lenzi mpaka mwisho ili nipate sura ya bwana harusi na mikono yao iliyoshikana, nikazima nikawasha upya kurekodi maana hii kamera ikifika dakika 29 na sekunde 59 inakata yenyewe na shekhe hawezi kusubiri kamera. Nikakaza nobu. Nikakaza tena. Nikaingia ndani.

Usiku ndo naangalia kwenye kompyuta. Picha inaanza nzuri kabisa, bwana harusi kofia imekaa sawa, jasho kidogo juu ya mdomo, shekhe kamshika mkono. Shekhe anaanza kusoma. Afu naona kofia inatoka juu ya fremu, pole pole, huwezi hata kusema sasa hivi imeanza. Paji la uso likaenda. Macho yakaenda. Ikabaki ndevu, ikabaki kifungo cha kanzu, mikono ikapita kama watu wanaopanda lifti, na pale sauti ya bwana harusi inaposema nimekubali, fremu nzima ni jamvi la mistari ya kijani na zambarau pamoja na kidole gumba cha mguu wa mzee mmoja, tena kidole kinachezacheza. Fokasi kali kabisa kwenye kidole. Nimekubali yenyewe inasemwa mara moja tu jamani, huwezi kumwambia mtu rudia hapo kwenye kukubali.

Cha ajabu tripodi ndo ilikuwa laini siku ile. Yaani kuinama kwake kulikuwa kulaini kuliko nilivyowahi kuigeuza mimi kwa mkono.

Nikiwa mkweli kuna kosa langu humo. Kamera haiachwi peke yake kwenye ndoa, hilo nalijua. Na ile 18-135 ukiivuta inarefuka, uzito wote unaenda mbele, na pleti ya hii tripodi, kile kibati cha kufungia kamera juu ya kichwa, ni kale kadogo ka mraba, huwezi kuisogeza kamera nyuma ili uzito ukae katikati. Ningeweka ile 50 labda isingeinama. Labda. Lakini kamera na lenzi havifiki hata kilo moja na nusu, boksi limesema kilo 5! Kilo 5 za nini, za pamba?

Wenye harusi hawakugomba, na hicho ndo kiliniumiza zaidi. Nilichofanya ni kuchukua sauti ya ndoa nikailaza juu ya picha za ndani, bi harusi kainamisha kichwa, mtandio umefunika nusu ya uso, anasikia nimekubali ya mwenzake kutoka nje, chozi hilo linadondoka. Mama mzaa chema alivyoona akalia, akanishika mkono akaniambia mwanangu umetufanyia kitu kizuri. Nikaanza kujiona fundi. Bwana harusi akaangalia mpaka mwisho kimya, afu akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, mbona kwenye ndoa yangu mimi sipo?" Sikuwa na la kumjibu. Hela iliyobaki sikuidai, nitaidai kwa uso gani.

Asubuhi nikampigia muuzaji. Sikuwa nimepanga kugomba, nilitaka kujua tu kama kuna namna ya kukaza kichwa au wabadilishe. Nimemsalimia vizuri, nimemwelezea vizuri, akanisikiliza huku anaongea na mteja mwingine pembeni, afu akasema, "Dada, hiyo uliikaza kwa nguvu za kike, tafuta kijana akukazie." Nikanyamaza kwanza. Nikamwambia kaka nimekaza mpaka nobu ilitaka kukatika, hicho kichwa kinainama chenyewe. Akacheka, wallahi akacheka, akasema kwani huko Kigoma nako mnashuti na DSLR, nilijua mnavua dagaa tu. Akaongeza bidhaa ikishauzwa hairudi na mzigo umekaa safarini hajui huko njiani ulifanywa nini. Nikamtumia ile klipu ya jamvi na kidole. Tiki za bluu zikatokea, dakika mbili mbele picha yake ya wasapu ikapotea. Kaniblok.

Yaani angeniambia tu dada tumia lenzi nyepesi, au dada tafuta pleti ndefu usogeze kamera nyuma, ningemshukuru na haya yote nisingeyaandika. Mtu unauza vifaa vya kushuti kutwa nzima hujui hata kitu kinachoitwa mizania? Au unajua ila mteja wa Kigoma hastahili kuambiwa? Na hilo la dagaa, ndio, tunavua, na migebuka pia, na tunawashuti wanaovua, na zile klipu za karabai usiku ziwani ambazo nyie mnashea mnasema Tanzania nzuri nani anadhani anazishuti? Basi nisiende mbali.

Wiki kadhaa tripodi ilikaa nyuma ya mlango. Jirani yetu ni mzee fundi injini za boti pale Kibirizi, siku moja kaja kuomba chaja akaiona, akauliza hii ni ya kupimia viwanja? Nikamweleza. Akasema lete bisibisi. Mi nikasema mzee wangu itaharibika, akasema imeshaharibika mwanangu, sasa unaogopa nini.

Akakifungua kichwa juu ya meza ya mama ya kulia chakula. Ndani hamna fluidi, hamna chochote. Sahani mbili za plastiki zinasuguana kavu na kawasha kembamba ka bati katikati, na vumbi jeupe la plastiki kama unga wa muhogo. Mzee akalipuliza, akaniangalia, akasema hii walisahau kuitia grisi au waliona grisi ni ghali. Akaenda kwake akarudi na kopo la grisi nzito ya beringi na kipande cha dumu la mawese, akakata washa mbili kwa mkasi, akazipaka, akarudishia. Muda wote anaongea habari za grisi. Ananiambia unaijua Liemba, ile meli ya ziwani, nikasema nani Kigoma hamjui Liemba, akasema basi Wajerumani walivyoizamisha mwaka 1916 ili maadui wasiichukue waliipaka grisi injini kwanza, ikalala chini ya maji mpaka 1924 ilivyoibuliwa, na injini zikafaa, 1927 ikarudi kazini. Miaka minane majini! Na wewe hii yako imelala chumbani tu.

Nikampa elfu 5, akachukua elfu 2 akasema nyingine ninunulie vocha siku nyingine.

Jioni nikaenda nayo ufukweni. Nikaweka fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, ile 50 mbele, nikaifuata boti moja inayotoka imejaza watu na magunia kuelekea vijiji vya kaskazini, kuanzia mwaloni mpaka inakuwa nukta. Haikukwama hata mara moja. Nimeirudia ile klipu nyumbani labda mara kumi. Mkono ulivyosimama kamera ikasimama, hakuna kale kamdundo ka mwisho. Nikisema ni sawa na zile za malaki nitakuwa nadanganya, lakini mteja wa harusi haoni tofauti.

Kwa hiyo kama unaniuliza ninunue nisinunue, nunua. Subiri, hapana. Nunua kama una mzee wa injini karibu. Maana kinachoniuma ni kwamba imekosekana grisi ya buku jero, kitu ambacho kimeandikwa kwenye jina, halafu mtu ananiambia nguvu za kike. Hiyo hela ya boksi lenye maandishi ya dhahabu si wangeiweka ndani? Nyota mbili. Miguu inaongeza moja. Yule kaka anaziondoa zote tatu.

Na bado na 18-135 ikivutwa inainama kidogo, sio kama mwanzo ila inainama, nimepata pleti ndefu ya mkononi kwa mwenzangu ndo kidogo imetulia. Juzi juzi namba nyingine nisiyoijua imenitumia tangazo, dada mzigo mpya umeingia, tripodi fluidi hedi, ofa, picha ni ile ile na sauti ya voisi ni ile ile. Nikamjibu, ina grisi? Kasoma.

Wikiendi hii nina ndoa Katubuka, naenda nayo hiyo hiyo. Ndani atakwenda mdogo wangu na simu, mi nitakaa nje kwenye kistuli nimeushika huo mkono mpaka shekhe aseme amina.