Saa moja na wakili wa kazi, baada ya kurukwa na mpwa wa bosi

Nawapa nyota nne kati ya tano, na ile iliyokosekana nitasema imeenda wapi. Huduma yenyewe ni ushauri wa saa moja kwa video na wakili wa masuala ya kazi. Unachagua muda, unalipa kabla, unajaza fomu, unapakia mkataba na barua zako. Jina lao silitaji, maana huduma za namna hii ziko nyingi na ninayosema yanazigusa karibu zote.

Kilichonipeleka huko wengi mtakijua kabla sijamaliza kueleza. Mimi ni mtunza stoo. Msimamizi wetu alipostaafu nilikaimishwa nafasi yake: funguo, ripoti za mwezi, kugombana na madereva, vyote juu yangu. Tangazo la kazi likatoka, nikaomba. Hata siku ya mwisho ya kupokea maombi haijafika, mpwa wa mkurugenzi alikuwa keshakalia kiti, na mimi nikaambiwa nimfundishe kazi. Undugunaizesheni mchana kweupe.

Sasa, ukurasa wao wa kuuza huduma umeandika kwa herufi kubwa kwamba wanapambana na upendeleo kazini. Hapo nusu ya nyota ilidondoka, kwa sababu mwanzo wote wa mazungumzo wakili aliutumia kunivua matumaini ambayo ukurasa wao ndio ulionivika. Kwenye kampuni binafsi, alisema, nchi nyingi hazina sheria inayomkataza mwenye mali kumwajiri ndugu yake. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, ambao nchi nyingi zimeufuata katika sheria zao za ubaguzi kazini, unataja mbari, rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, asili ya kitaifa na asili ya kijamii. Kutokuwa mpwa wa mtu hakumo. Serikalini ni habari nyingine: Marekani ilitunga sheria mwaka 1967 kuwazuia maofisa wa serikali kuu kuwapa kazi ndugu zao, na Ufaransa mwaka 2017 ikawafungia mawaziri na wabunge wasiajiri wenza, wazazi wala watoto wao. Stoo yetu haiko serikalini.

Nilikasirika. Nimelipa ili niambiwe sina kesi? Lakini mama huyu (mtu mzima, anaongea taratibu, na alikuwa amesoma nyaraka zangu zote kabla hatujaanza, jambo ambalo si la kawaida) akaniuliza swali ambalo peke yake linatosha ada niliyotoa.

"Mwanangu, tuseme huyu kijana hana undugu na mtu yeyote pale. Ameomba kazi kama wengine, akapewa. Malalamiko yako yanabaki yapi?"

Nikaanza kujikuna kichwa. Yeye akafungua kitabu cha taratibu za wafanyakazi, ambacho nilikipakia kwa kujaza nafasi tu, akanionyesha kifungu: anayekaimu nafasi ya juu kwa muda unaozidi mwezi analipwa posho ya kukaimu. Mimi sikuwahi kulipwa. Hilo, akasema, halina mpwa ndani yake. Ni deni. Kitabu hicho kimetajwa kwenye mkataba wangu kwamba ni sehemu ya masharti ya ajira, kwa hiyo mwajiri hawezi kusema ni maandishi ya kupamba kabati. Kifungu kingine kinamtaka kila kiongozi aandike tamko la mgongano wa maslahi ndugu yake anapoomba kazi. Hicho alikiona dhaifu: kinaweza kumwaibisha mkurugenzi, lakini hakinipi mimi cheo.

Nikambana: kwani undugu haujawahi kushindwa mahakamani? Umeshindwa, akasema, ila kwa kupitia mlango mwingine. Akanisimulia kesi ya New Orleans, Marekani, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 1969. Chama cha mafundi wa kufunga vizuia joto kilikuwa kinapokea watoto na ndugu wa karibu wa wanachama wake, na wanachama wote walikuwa Wazungu. Mahakama ikaamuru utaratibu huo ukome, kwa kuwa matokeo yake yalikuwa kuwafungia nje Weusi na Wamarekani wenye asili ya Mexico. Ubaguzi ndio uliokuwa kosa, undugu ulikuwa njia yake. Kwa hiyo kama kwenu kila anayebebwa ni wa kundi moja na kila anayeachwa ni wa jingine, mwambieni wakili mapema. Kwetu haiko hivyo. Mimi na yule kijana kwa hayo yote tunafanana.

Halafu yakaja makatazo, na hapa alikuwa mkali. Usilipige picha faili la kijana, maana unaweza kufukuzwa wewe kwa kuchungulia siri za ofisi. Usijiuzulu kwa hasira, kwa sababu kuthibitisha baadaye kwamba ulisukumwa utoke ni kazi ngumu, na mzigo huo unaubeba wewe. Lalamika kwa maandishi, na lalamikia haki inayotambuliwa na sheria. Mkataba namba 158 wa Shirika lile lile la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, kwa nchi zilizouridhia, unasema kumlalamikia mwajiri kwa kuvunja sheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Manung'uniko ya kantini hayana kinga hiyo. Na ukiachishwa usilale: kila nchi ina muda wake wa kufungua shauri, na Ujerumani kwa mfano ni wiki 3 tu tangu upokee barua.

Nusu ya pili ya nyota ilikwenda baada ya simu. Muhtasari walioahidi ulichelewa, na ulipofika umejaa "mlalamikaji tajwa" na "bila kuathiri yaliyotangulia", wakati yule mama alinieleza yote kwa maneno ya kawaida. Kisha msaidizi wao akanipigia kuniuzia barua ya madai, barua ambayo wakili wao mwenyewe alishaniambia naweza kuiandika. Nilimjibu vizuri, ila hawa watu wawili wanahitaji kuongea.

Niliandika barua mwenyewe, ukurasa mmoja, nikataja kifungu na miezi niliyokaimu. Posho ililipwa yote pamoja na mshahara uliofuata, bila neno la maelezo. Mpwa bado yupo, na bado ananiuliza tofauti ya bidhaa zilizopokelewa na zilizohakikiwa. Nimeomba kwa maandishi waniambie kama kumfundisha ni sehemu ya majukumu yangu. Hawajajibu.

Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, anza huko. Ushauri kama huu umeshaulipia kwenye michango yako. Ofisi ya kazi ya serikali nayo husikiliza bure, ukiwa na subira ya foleni. Ukiamua kuwalipa hawa, kwenye fomu kuna sehemu ya kuchagua aina ya tatizo, na uchaguzi huo ndio unaoamua utapewa wakili gani. Chagua "malipo na posho". Hiyo ya "upendeleo" iache hata kama ndiyo inayokuuma.