TAHADHARI: Huyu "afisa wa kusafisha majina CRB" ni mwizi, msimpigie

Jamani, kama lile tangazo la "Tunasafisha jina lako CRB ndani ya saa 24, hata kama hujalipa deni" (CRB ni zile kampuni zinazotunza kumbukumbu za nani analipa mikopo na nani halipi) limewafikia, msimpigie huyo mtu. Msimtumie kitambulisho. Msimjibu hata salamu. Naandika mikono ikinitetemeka kwa hasira, kwa hivyo mkiona maneno yamepindana mnisamehe.

Nina duka la samaki, na nilitaka mkopo wa Sacco (ushirika wa akiba na mikopo) ninunue friza. Lakini nilikuwa na deni la mkopo wa simu ambalo sijalimaliza. Sacco walitaka cheti cha CRB cha kuonyesha sina deni lililokwama, na jina langu lilikuwa limeshikwa kwa lile deni.

Nikapiga ile namba mchana, dukani hakuna mteja. Akapokea mara moja. Sauti ya mtu mzima, mtulivu, Kiswahili chake cha hapa hapa pwani. Nyuma yake nasikia simu zinalia na watu wanazungumza, kama ofisi kabisa. "Dadangu, pole sana. Hii mikopo ya simu imewafunga watu wengi. Wewe si wa kwanza leo." Akaomba namba ya kitambulisho. Nikasita. Akasema, "Usiponiamini usinipe, dadangu, mimi sikulazimishi. Lakini bila namba siwezi kuliona faili lako." Sasa nyinyi niambieni, namba ya kitambulisho nchi hii ni siri? Si tunaiandika kwenye daftari la kila askari wa getini? Nikampa.

"Utaona ujumbe umeingia, una tarakimu. Nisomee." Ukaingia kweli, nikamsomea. Akanyamaza, nikasikia anabofya bofya kompyuta. Kisha akaanza kunisomea mambo yangu. Majina yangu matatu kwa mpangilio wake. Jina la walionikopesha. Kiasi kilichobaki, hadi senti. Mwezi nilioacha kulipa. Hata ule mkopo wa zamani wa benki nilioumaliza vizuri, ambao hata mume wangu alikuwa ameusahau, akausoma na akanipongeza: "Huku ulilipa vizuri, mashaallah. Tatizo ni hili moja tu." Mwili ulinisisimka. Nikasema huyu ni mtu wa ndani.

Akataka picha za kitambulisho, mbele na nyuma. Akataka na picha yangu nimekishika karibu na uso, "mfumo unahitaji". Nilitoka nje kwenye mwanga nikapiga picha nzuri, ushungi nimeurekebisha, nikamtumia.

Kisha pesa. 1,500 za kufungua faili. Nilipotuma, jina lililotokea kwenye M-Pesa ni la mwanamke. Nikamuuliza. "Huyo ni mhasibu wetu." Sitaliandika hilo jina hapa, maana huenda ni la maskini mwingine aliyeibiwa kitambulisho kama mimi. Magharibi akataka 3,000 za cheti. Baada ya isha akataka 2,000 za "kijana wa Nairobi anayebonyeza". Jumla 6,500, na zilikuwa pesa za samaki wa kesho yake. Cheti kikaingia usiku: jina langu, nembo, muhuri, tarehe, na kile kidude cha mraba cha kuskani. Nilimwombea dua mtu huyu. Nilisimama nikamwombea yeye na watoto wake.

Ya Sacco yananiumiza zaidi kuliko pesa. Yule afisa wa mikopo alipokea karatasi vizuri tu, akaingiza namba ya cheti kwenye kompyuta. Akaangalia. Akaingiza tena. Akainua macho akaniuliza kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia, "Mama, cheti hiki umekipata wapi? Hiki ni cha kughushi." Mwenyekiti wetu wa chama alikuwa amenishika mkono. Aliuachia. Yule afisa akaendelea kunieleza kwamba kuwasilisha hati ya kughushi ni kosa la jinai na wangeweza kuniitia polisi. Mimi! Miaka yote hii hapa Kongowea, Mombasa, hakuna mtu aliyewahi kunidai hata bei ya limau. Niliomba radhi kwa kosa nisilolijua, nikatoka huku watu wananitazama.

Najua wako wanaonong'ona kwamba ni tamaa yangu ya njia ya mkato. Basi wanisikilize. Aliyonisomea yote yalikuwa kweli. Ni binti wa dada yangu aliyekuja kunifumbulia: zile tarakimu nilizomsomea zilikuwa za kufungua akaunti yangu mimi kwenye kampuni ya CRB. Yule mwizi alikuwa anatoa ripoti yangu mwenyewe, ile ambayo sheria inanipa bure, halafu ananisomea kama ameitoa kwenye sanduku la serikali. Na huyo mwizi aliponiambia kuna "mpango wa Benki Kuu wa kusafisha majina", hilo pia halikuwa la kutunga lote. Mpango ulikuwepo. Benki Kuu iliutangaza Novemba 2022 kwa mikopo ya simu: wakopeshaji wasamehe angalau nusu ya deni, mtu alipe iliyobaki hadi Mei 31, 2023. Nusu ya mtaa tuliusikia kwenye redio. Kumbe ulishafungwa zamani, na huyu anauuza hadi leo. Nani hapa angejua?

Na bado hajamaliza na mimi. Tulipotoa ripoti mpya na huyo binti, tuliona sehemu inayoonyesha nani ameulizia habari zako. Wako wakopeshaji wawili ambao sijawahi kuwaomba hata shilingi. Waliulizia baada ya mimi kutuma ile picha. Yaani uso wangu na kitambulisho changu vinatembea mjini vikiomba mikopo. Nimeandikisha OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na nimewaandikia hao wawili kwamba ombi si langu.

Huyu mtu akamatwe. Nasema akamatwe na afungwe, yeye na huyo "mhasibu" kama yupo, na yeyote anayemsajilia laini. Nimesomewa Sheria ya Makosa ya Mitandao ya 2018: kujifanya mtu mwingine na kutumia utambulisho wake ni faini hadi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3. Miaka 3! Mtu anamvua mama heshima yake mbele ya chama kizima, anakula pesa za samaki, anamwachia madeni, halafu miaka 3? Apelekwe na kwa kosa la ulaghai wa kompyuta, ambalo lina hadi miaka 10. DCI, wapelelezi wa polisi, namba wanayo, ujumbe wa M-Pesa wanao, sauti yake ninayo kwenye simu. Kinachongojwa ni nini? Wangapi wengine walie kwanza?

Mnaniuliza dalili za wezi kama huyu; nawaambia nilizozijua sasa. Hakuna mtu wa kufuta jina kwa kulipwa. Hakuna. Ukilipa deni, mkopeshaji mwenyewe ndiye anayepeleka habari kwamba limelipwa, na historia ya kuchelewa inabaki miaka 5 tangu ulipomaliza. Kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ni kama TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila moja inakupa ripoti moja bure kila mwaka. Anayekuambia ulipie "kufungua faili" ni huyo huyo au ndugu yake. Kama deni si lako, au ulishalipa na bado linaonekana, unalalamika kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, hulipi kitu. Mkopeshaji anatakiwa kukuarifu siku 30 kabla ya kukuorodhesha, na deni lisilofika 1,000 halitakiwi kuorodheshwa tangu 2020; angalieni hilo, maana kuna walioshikwa kwa mia sita. Cheti kinalipiwa kwa kampuni, si kwa namba ya mtu binafsi. Na zile tarakimu zinazoingia kwenye simu msimsomee mtu yeyote, awe anawaita dada, mama au shangazi.

Jina langu kuwa CRB pia si kwamba nimepigwa muhuri wa mwizi, kama yule kijana wa Sacco alivyonifanya nijione. Hata anayelipa vizuri yumo humo. Nimezungumza na wanaonidai, wamekubali nilipe kwa awamu tatu na wanipe barua nikimaliza. Friza itangoja.

Waliotuma pesa kwa namba ya huyu mwizi, na najua wako kwa sababu wawili wameshaniandikia pembeni kwa siri, msione haya. Leteni ule ujumbe wa M-Pesa na kile cheti chake feki, tuende kituoni pamoja, maana mmoja mmoja wanatuambia "mama, rudi Jumatatu". Na admini wa lile kundi la wafanyabiashara: nimekupigia, nimekuandikia, umesoma na hujajibu. Tangazo la huyu mwizi bado liko pale juu asubuhi hii, na chini yake kuna dada anauliza bei. Litoe sasa hivi.