Uzoefu wangu na kidude cha bluetooth cha kusomea injini (Toyota IST yangu ilikuwa inavuta hewa)

Nnacho mwezi wa nne huu, kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani halafu unasoma injini kwenye simu. Elfu thelathini tu, na kimeshanirudishia pesa yangu, ila wengi wanakitaka kiwatajie kifaa kibovu, na hiyo si kazi yake.

Silensa ya gari yangu, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ilikuwa haitulii, nikikwama foleni pale Mwanakwerekwe inapanda inashuka mpaka inataka kuzima, na taa ya cheki injini inawaka. Fundi mmoja akachomeka mashine yake ikatoa namba ya hitilafu P0171, akanambia oksijeni sensa, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, imekufa, nikanunua akafunga, siku ya tatu taa ile ile. Iliniuma sana, ile pesa ilikuwa na kazi yake nyumbani.

Kidude changu nacho kikatoa P0171. Sasa jamani ile namba haisemi kifaa gani kimekufa, inasema tu hewa nyingi petroli kidogo. Msikimbilie kununua sensa! Ingia kwenye data za papo kwa papo utazame fyueli trimu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au inapunguza. Yangu kwenye silensa ilikuwa 24, nikakanyaga mpaka mizunguko 2500 kwa dakika ikashuka hadi 6. Hapo nikajua kuna hewa inaingia kwa njia ya panya, maana kwenye silensa throto, yaani kilango cha hewa ya injini, imefunga karibu yote na injini inanyonya kwa nguvu, kwa hiyo kitundu kidogo tu kinaharibu hesabu, ukikanyaga hewa ya njia yake inakuwa nyingi na ya kitundu haina uzito tena. Ingekuwa pampu ya petroli imechoka, ukikanyaga ndo asilimia ingezidi kupanda.

Lakini hewa inaingilia mpira gani, kidude hakikwambii. Mie nilichukua kipande cha mpira mwembamba kama mita moja, ncha moja sikioni, nyengine naipitisha polepole kwenye kila kiungo, feni nikiichunga, mpaka kwenye ule mpira mfupi unaotoka kifuniko cha juu cha injini kwenda kwenye manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye injini, nikasikia ssssss. Nikapulizia maji ya sabuni, silensa ikabadilika pale pale. Wengi wanatumia kabureta klina, ile dawa ya kupulizia ya kusafishia, na kweli inaonesha haraka, ila inashika moto na egzosi iko jirani, mie kwetu Fuoni nyumba zimebanana sithubutu.

Nikauchomoa. Juu mzima kabisa, ungeutazama kwa macho tu usingeona kitu, chini kwenye kona umelainika kwa oili na una ufa kama urefu wa ukucha, ukiukunja unafunguka kama mdomo. Nikauzungushia tepu, ikakaa siku moja tu ikaachia. Nikaenda dukani nikataka mpira wa kustahimili oili, maana wa maji ya bomba utavimba tu, na klampu mbili, jumla elfu nane. Nikafuta ile namba, trimu ikasoma 3, silensa imetulia wallahi unaweza ukadhani gari imezimwa.

Ubaya wake, kwa gari nyengine za Japani programu ya simu haiungani nazo upesi, yangu ilinisumbua jioni nzima. Na ukikiacha kimechomekwa kinakula betri, kichomoe ukiegesha usiku.