Klempu za fundi wa ala: ipi ununue, ipi utengeneze mwenyewe hapa Tanga

Anayeanza kutengeneza udi, gitaa au gambusi huulizia mbao kwanza, kisha gundi, kisha nyuzi. Klempu, yaani vifaa vya kubania mbao mpaka gundi ikauke, anazikumbuka gundi ikiwa imeshapakwa. Uso wa udi una unene wa milimita 2 hivi, na chini yake kuna mihimili kadhaa inayoukaza. Kila mhimili unataka kubanwa urefu wake wote kwa mara moja, ndani ya dakika chache, kabla gundi haijaanza kushika. Klempu mbili tatu za chuma ulizoazima kwa seremala wa mtaani hazifiki katikati ya uso, na zikifika, uzito wake unaukunja uso wenyewe.

Kazi ya ala haitaki nguvu nyingi ya kubana. Ukikaza kupita kiasi unaikamua gundi yote nje na kiungo kinabaki kikavu. Inayotakiwa ni klempu nyepesi, yenye mkono mrefu, na ziwe nyingi. Ndiyo maana nashauri fedha zako ziende kwenye vipande vya mbao ngumu, bolti na flatibaa (vipande virefu vya chuma bapa), na klempu za chuma zije mwisho kabisa. Mpangilio ufuatao ni wa mtu anayetengeneza udi na gitaa. Kwa anayetengeneza udi peke yake, namba mbili ipande iwe namba moja.

Namba moja: klempu ya kemu

Hii ndiyo klempu ya fundi wa ala. Ina taya mbili za mbao zilizovikwa kwenye flatibaa. Taya moja imefungwa kabisa kwa pini, nyingine inateleza. Ndani ya taya inayoteleza, karibu na ncha, kuna kijiwenzo chenye umbo la yai, yaani kemu. Ukikisukuma, kinaushusha ulimi mwembamba wa mbao na ulimi unabana kazi. Hakuna kuzungusha skrubu. Unatelezesha taya, unasukuma kemu, unahamia klempu inayofuata, na gundi bado mbichi.

Kuitengeneza si kazi ngumu. Taya ya sentimita 20 kwa urefu, upana wa 4 na unene wa 2.5 inatosha kazi nyingi za gitaa. Chukua flatibaa ya upana wa milimita 20 na unene wa 5 au 6, ukate vipande vya sentimita 30. Kwenye taya inayoteleza, toboa tundu la milimita 6 mbele kidogo ya sehemu ya flatibaa, halafu pasua taya kwa msumeno kuanzia ncha hadi kwenye tundu hilo, ukiacha ulimi wa milimita 7 au 8. Usiliruke hilo tundu, kwa sababu ndilo linaloizuia mbao kuendelea kupasuka siku utakapobana kwa nguvu. Taya inayoteleza iwekee pini mbili, moja mbele ya flatibaa na nyingine nyuma. Ikibebeshwa mzigo inainama kidogo, pini zinang'ata chuma, na taya haisogei.

Kemu itoboe kando ya kitovu chake kwa milimita 2 au 3 tu. Ukizidisha, inapanda kwa ghafla na itakuwa inarudi yenyewe ukiachia mkono.

Mbao ya kemu ni mpingo, na hapo sibadili mawazo. Ni mbao nzito inayozama majini, na haichakai upesi ikisuguana na ulimi. Huhitaji gogo: wachonga vinyago hubakiwa na vipande ambavyo kwao ni vidogo mno, na kwako kila kimoja ni kemu. Funika pua na mdomo unapoipiga msasa, kwani vumbi lake huwawasha watu wengi ngozi na koo.

Mbao ya taya ichague kwa utulivu wake. Mninga ndio chaguo langu la kwanza, kwa sababu ukishakauka haujikunji wala kusinyaa sana hata masika yakiingia na hewa ya bahari ikalowa. Mkongo unafuata: mzito zaidi, lakini imara. Mtiki tunao karibu, maana shamba la Longuza kule Muheza ni la mtiki. Kwa taya unafaa sana, ila una mafuta, kwa hiyo tegemea pini kuliko gundi, na kama lazima ugundishe, futa kwanza kwa spiriti. Mkaratusi uache, unapasuka. Mbao ya mnazi nayo, pamoja na ugumu wake wa nje, nyuzi zake ni nene na ulimi utakatika. Paini ni laini mno kwa ulimi, ingawa wengi huinunua kwa kuwa ndiyo iliyojaa madukani.

Zungukia karakana za samani za Ngamiani uulizie mabaki. Mguu wa kitanda uliokosewa unatoa taya mbili. Tazama mistari ya mbao ipite sawasawa kutoka ncha hadi mwisho. Ikikatiza ulimi kwa mshazari, rudisha.

Ukimpa seremala akutengenezee, au ukinunua zilizotumika, zikague hivi. Funga taya bila kubana, uzinyanyue kuelekea dirishani: ncha zigusane kwanza, nyuma ubaki mwanga mwembamba. Ikiwa nyuma ndiko kunakogusa, klempu hiyo haitabana ncha kamwe. Kisha sukuma kemu hadi nusu tu uachie. Ibaki pale pale. Mwisho, tikisa taya kushoto na kulia. Ikicheza sana kwenye flatibaa, itasogeza mhimili wako wakati wa kubana.

Midomo ya taya ivike ngozi. Fundi viatu ana vipande vya kutosha. Pitishia nta ya mshumaa juu yake ili gundi isishike.

Namba mbili: jukwaa la fito

Mbao mbili nene, moja chini na moja juu, zilizotenganishwa kwa nguzo nne. Uso wa udi unalala chini, mihimili juu yake, halafu fito zinapachikwa kati ya mhimili na mbao ya juu zikiwa zimepinda. Kila fito inasukuma ili inyooke, na hiyo ndiyo nguvu ya kubana. Kwa fedha ya klempu chache za chuma unapata fito zinazobana mihimili yote ya udi kwa mkupuo mmoja, na katikati ya uso hapakusumbui tena.

Uzuri wake mwingine haujulikani sana. Fito ikishapinda, nguvu yake ni karibu ileile, iwe imepinda kidogo au imepinda zaidi. Kinachobadilisha nguvu ni unene: ukiuongeza mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane. Basi zipige randa zote ziwe sawa, milimita 5 au 6. Nafasi ikiwa sentimita 60, kata fito za 61 na nusu. Mwanzi mkavu uliopasuliwa unafaa kabisa. Mninga uliobaki kwenye taya pia. Ncha zivishe mpira zisiteleze, na vaa miwani, maana fito ikichomoka huelekea usoni.

Namba tatu: kamba ya mkonge na kabari

Hii ni ya kuunganisha vipande viwili vya uso au vya mgongo wa gitaa. Unavilaza juu ya ubao tambarare, unaweka fimbo mbili imara, moja kila upande, unazungusha kamba huku na huku, kisha unagonga kabari ndogo chini ya kamba. Kamba inavuta vipande vikutane, na papo hapo inavikandamiza chini visinyanyuke katikati. Klempu ya chuma inafanya la kwanza, la pili haiwezi.

Kamba iwe ya mkonge. Ya nailoni inavutika, na kila kabari unayogonga inailegeza iliyotangulia. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na ukaufanya mkoa huu ujulikane duniani. Sioni sababu ya fundi wa Tanga kununua nailoni. Iweke pakavu, kwa sababu ikilowa hufupika, kisha ikikauka inalegea. Kabla ya gundi, kutanisha vipande uvitazame dhidi ya taa. Mwanga ukipenya, rudi kwenye randa. Hakuna kamba itakayoziba hapo.

Namba nne: spuli

Vigurudumu viwili vya mbao kwenye bolti moja, kwa ajili ya kufunga uso kwenye ubavu wa gitaa au fidla, kuzunguka ukingo wote. Mtengeneza udi hana haja nazo. Fidla moja inahitaji kama 30. Kata mpini wa jembe vipande vya sentimita 2, toboa katikati, vika ngozi. Nondo ya milimita 6 yenye nyuzi za skrubu mwili mzima, ya urefu wa mita moja, inatoa vipande sita vya sentimita 16 vinavyotosha ubavu wa gitaa. Nondo tano ni spuli 30. Tumia nati za masikio uepuke spana.

Namba tano: mpira wa tyubu na vibanio vya nguo

Nunua tu, ni senti. Mji wa baiskeli kama huu haukosi tyubu zilizochoka. Zikate mikanda mirefu ya kufungia kingo zilizojipinda na shingo ya udi. Vibanio vya nguo vya mbao hushika ukanda wa ndani ya ubavu wa gitaa, na ukiviongezea kipande cha mpira kila kimoja vinabana vya kutosha.

Mwisho: klempu ya chuma yenye umbo la G

Haifai kwenye uso wa ala. Inabana pahali padogo kwa nguvu kubwa na kuacha alama, na hewa ya chumvi inaishika kutu msimu mmoja tu. Ikigusa gundi yenye maji juu ya baadhi ya mbao inaacha doa jeusi lisilotoka kwa msasa. Hata hivyo nunua nne nzuri, za taya ya sentimita 10 au 15. Siku utakapogundisha vipande vitatu vya mninga kupata shingo ya gitaa, au utakapoibana kazi mezani ili uipige tupa, hizo nne zitakufaa kuliko zote za mbao. Zipake grisi kwenye skrubu, na kila mara weka kibao kati ya chuma na kazi.