Miezi minane na kifaa cha kusoma taa ya injini kwenye gari la mwaka 2001

Gari langu ni la petroli, silinda nne, lita 1.8, la mwaka 2001. Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi ikagoma kuzimika, na siku chache baadaye gari likaanza kuishiwa nguvu mlimani. Unakanyaga mafuta, linavuta kidogo, linasita, linavuta tena. Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake, akasoma msimbo P0171, akasema sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa injini, imekufa. Tukaibadilisha, akafuta msimbo, taa ikazimika. Siku ya nne ikarudi, na msimbo ni uleule.

Hapo ndipo nikanunua kifaa changu. Ni kile kidogo cha bluetooth, ukubwa wa kiberiti. Unakichomeka kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, unawasha swichi, unafungua programu kwenye simu. Nimekitumia miezi minane sasa, na nina mengi ya kukisifu na machache yaliyonikera.

Kusoma misimbo kinasoma vizuri, sekunde chache tu. Lakini msimbo wenyewe hauonyeshi kilichoharibika. P0171 inasema kitu kimoja tu: kompyuta ya injini imeona hewa imezidi kipimo na mafuta hayatoshi. Inayoileta habari hiyo ni sensa ya oksijeni. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na sisi tulikuwa tumemng'oa mjumbe aliyesema kweli. Bado inaniuma, maana ile sensa ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Thamani ya kifaa hiki niliiona nilipofungua ukurasa wa data za moja kwa moja. Humo kuna vipimo viwili, STFT na LTFT, cha muda mfupi na cha muda mrefu. Vinaonyesha kwa asilimia ni kiasi gani kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili mchanganyiko ubaki karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Ukijumlisha vyote viwili ukapata chini ya 10, iwe kuongeza au kupunguza, kwa kawaida hakuna la kukutisha. Zikifika 20 na kuendelea upande wa kuongeza, injini ina njaa.

Nikaanza na gari likiwa limesimama, injini imeshapata moto, bila kukanyaga mafuta. Jumla ilikuwa 7. Nikapandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikawa 10. Hilo lilinisaidia sana. Kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa inayoingia, kama langu, mpira wa hewa ukipasuka baada ya sensa hiyo namba huwa kubwa injini ikiwa inaunguruma taratibu, kisha hushuka ukiongeza mizunguko, kwa sababu ile hewa ya wizi inakuwa ndogo mbele ya hewa nyingi inayovutwa. Yangu ilikwenda kinyume. Nikaachana na habari ya mipira.

Kisha tukaenda mlimani. Mimi nikaendesha, mdogo wangu akashika simu, maana kuangalia skrini huku unaendesha ni kujitafutia ajali. Akawa anasoma kwa sauti: "Kumi na mbili. Kumi na nane. Ishirini na tano, kaka, na bado inapanda!" Nikamwambia ahamie kwenye volti za sensa ya oksijeni, nikakanyaga karibu hadi mwisho. Injini ikiwa imekanyagwa hivyo hupewa mafuta ya ziada, na sensa ya aina yangu hupanda hadi volti 0.8 au 0.9. Hii ilibaki 0.1. Na ilikuwa mpya, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuitilia shaka. Injini ilikuwa inadai mafuta na hayaji.

Walibaki washukiwa wawili: sensa ya kupima hewa iwe imechafuka na inaripoti hewa kidogo kuliko iliyopo, au mafuta yenyewe yawe yamezuiwa njiani. Sensa niliisafisha kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, nikaiacha ikauke, nikarudi mlimani. Hakuna kilichobadilika. Nikaazima geji ya presha ya mafuta. Kitabu cha ufundi cha gari langu kinataka kati ya baa 3.0 na 3.5 mpira wa regulata, yaani kidhibiti cha presha ya mafuta, ukiwa umechomolewa. Nilipata 2.6, na nilipoongeza mizunguko sindano ikashuka hadi 2.2.

Nikachomoa fyuzi ya pampu, nikaacha injini ijizimie yenyewe ili presha iishe, nikafungua nguzo hasi ya betri, ndipo nikagusa filta. Tafadhali usiruke hatua hizo, na usifanye kazi hii karibu na moto wa aina yoyote. Filta nilipoitoa niliimimina kinyumenyume kwenye bakuli jeupe. Petroli ilitoka na rangi ya kutu. Nikaiacha itulie, na chini ya bakuli ukajikusanya unga mweusi laini, mithili ya masizi. Nilipojaribu kupitisha petroli safi upande wake wa kawaida, ilipita tone kwa tone.

Filta mpya ilipofungwa presha ikawa 3.2. Nikafuta msimbo, nikaliendesha gari siku mbili, nikamchukua tena mdogo wangu hadi mlima uleule. Safari hii alisoma nne, tano, sita, akanirudishia simu. P0171 haijarudi hadi leo.

Sasa yaliyonikera. Kwenye magari ya umri huu mawasiliano na kompyuta ni ya polepole. Ukichagua vipimo vinne kwa pamoja, namba zinakuja kwa kuchelewa na unaweza kukosa tukio lenyewe. Chagua viwili tu. Kitufe cha kufuta misimbo kiko wazi mno, na ukikigusa unapoteza pia rekodi ya hali ya injini ilivyokuwa taa ilipowaka: joto, mizunguko, mwendo. Siku hizi naipiga picha kwanza. Pia nilikisahau kwenye soketi siku tano gari likiwa limeegeshwa, betri ikalala kabisa.

Halafu kuna suala la umri wa gari. Marekani ililazimisha mfumo ambao kifaa hiki huusoma, unaoitwa OBD-II, kwa magari kuanzia ya mwaka 1996, na Ulaya kwa ya petroli kuanzia 2001. Rafiki yangu ana Toyota ya 1993, na kifaa hiki hakimfai kwa lolote. Yeye huunganisha matundu TE1 na E1 ya soketi ya uchunguzi ya gari lake kwa kipande cha waya, kisha anahesabu taa inavyomweka. Na kuwepo kwa soketi ya matundu 16 hakutoshi, kwani baadhi ya magari ya zamani yanayo soketi hiyo lakini yanazungumza lugha yao wenyewe. Ulizia kabla ya kununua.

Mwezi wa tano taa iliwaka tena, P0455, uvujaji mkubwa wa mvuke wa petroli. Mpira wa mfuniko wa tangi ulikuwa umepasuka. Nikaweka mfuniko mpya, na baada ya safari chache taa ikazimika yenyewe. Lakini kama taa yako inamweka badala ya kuwaka tu, usisubiri mwezi wala wiki. Ondoa mguu kwenye mafuta na utafute pa kusimama. Silinda inakosa kuwaka, na petroli isiyoungua inakwenda kuharibu katalaiza, kile kisafishio cha moshi kwenye bomba la moshi.

Kuna tatizo moja ambalo kifaa hakijalisema kabisa. Asubuhi gari huchelewa kuwaka. Hakuna msimbo, na data zote ni safi, kwa sababu gari hili halina sensa ya presha ya mafuta na kompyuta haiwezi kujua kisichopimwa. Geji ndiyo iliyonionyesha: nikizima injini, presha inashuka hadi sifuri ndani ya dakika kumi. Nilibana mpira wa kurudishia mafuta tangini, bado ikashuka. Nikafungua plagi, nikazikuta kavu, kwa hiyo nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini hazivuji. Imebaki vali ndogo iliyo ndani ya pampu. Kwa sasa nafungua swichi bila kupiga stata, nasikiliza pampu ikivuma kama sekunde mbili, nafunga, narudia mara tatu, kisha napiga. Inawaka papo hapo. Pampu mpya nimeshaagiza, na geji sijairudisha kwa mwenyewe bado.