Mifuko ya PICS: mahindi yangu, dumuzi na panya mmoja

Mpaka mwaka juzi nilikuwa nanunua mahindi debe moja moja. Julai, sokoni Uyole hapa Mbeya, debe nililipata kwa 10,000. Februari, watu wengi stoo zimeshawaishia, debe lile lile 17,000. Nalalamika, nalipa. Gunia zima nilikuwa naliogopa kwa sababu ya dumuzi, mdudu anayetoboa punje, huyu tunayemwita Scania. Aliwahi kunigeuzia debe mbili kuwa vumbi kabla hata ya Krismasi, na dawa ya unga nilikuwa nimechanganya.

Julai iliyofuata nikanunua mifuko miwili ya PICS, ya kuhifadhia nafaka, duka la pembejeo, 5,000 kila mmoja. Roho iliniuma, maana kiroba cha kawaida ni bei ya chai na chapati. Huu una tabaka tatu: nailoni mbili nzito ndani, kiroba nje. Dawa hakuna. Ukifungwa vizuri hewa haiingii, wadudu waliomo wanamaliza oksijeni na kufa. Jirani yangu, mama mtu mzima, alisikitika kabisa: "Mwanangu, mahindi bila dawa? Utakula pumba."

Kazi kubwa ni ukavu. Mahindi ya Julai huku Mbeya yanadanganya. Jua linawaka lakini baridi ipo, ukiyashika unadhani yameshakauka. Mimi napima kwa chumvi. Chukua chupa kavu, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa vizuri, acha itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Yangu ilinata, nikaanika kwenye turubai siku nne zaidi. Ukifungia mabichi yatavunda, usije ukalaumu mfuko.

Kila mfuko ulimeza debe sita. Unajaza nailoni ya ndani, unashindilia, unasokota shingo, unaikunja na kukaza kwa kamba. Halafu ya pili hivyo hivyo, kisha kiroba.

Wa kwanza niliufungua Januari. Wadudu wachache, wote wamekufa, punje nzima. Dona lake lilinukia kama la msimu. Yule mama akauliza duka liko wapi.

Wa pili ulinitia hasara, na kosa ni langu: niliuegemeza ukutani. Panya akatoboa tundu la kidole, hewa ikaingia, dumuzi wakaendelea walipoishia. Debe moja likaenda. Siku hizi naweka juu ya mbao, katikati ya stoo. Na usiwe unafungua kila siku kuchota kibakuli. Toa debe zima, funga tena.

Nikichukulia bei ya kati ya 14,000, debe 11 nilizokula zingenigharimu 154,000. Nilitumia 130,000 pamoja na mifuko. Nilibaki na 24,000, panya akiwa ameshakula fungu lake. Nilienda nazo soko la Sido, Mwanjelwa, kwenye mitumba, miezi ya joto wakati masweta hayana mwenyewe. Juni wauzaji hawataki hata kusikia neno punguza. Nilipata manne ya watoto na jaketi langu, na nauli ya daladala ikabaki.

Ule mfuko wenye tundu haushiki tena hewa, lakini sijautupa. Masweta yanalala humo mpaka baridi irudi.