TAHADHARI: fundi wa jakuzi anayeziba malengelenge kwa puti ya magari

Jamani wenye nyumba za wageni huku Jambiani, Paje mpaka Nungwi, na nyie wa bara mliofunga majakuzi majumbani, naomba msome hii yote maana huyu mtu bado yuko mtaani, juzi tu kapita kwa jirani yangu kuuliza kama kuna jakuzi la kutengeneza.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili tulimwaga maji tubadilishe pampu, pampu ikachelewa, jakuzi likakaa tupu karibu wiki 2 kwenye lile jua la kaskazi bila kufunikwa. Sikujua kama ni hatari. Kumbe ile akriliki ni ngozi nyembamba tu, milimita 3 hivi, inayobeba uzito ni faiba iliyo nyuma yake, sasa likichomwa na jua bila maji ngozi inaachana na faiba na kuvimba. Tukakuta malengelenge matatu kwenye sehemu ya kuegemea, kubwa lao kama kisahani cha chai, ukiligonga kwa kucha unasikia kabisa ndani pako wazi, na ufa wa kama shibiri moja pembeni ya tundu la jeti.

Namba yake nilipewa kwenye grupu la WhatsApp. Anaongea vizuri mno, dada hivi dada vile, akanirushia picha za kazi zake kabla na baada, akasema ana jeli maalum ya Ujerumani, kazi ni siku 1 na waranti ni miaka 5. Bei 1,800,000, akataka 1,200,000 mbele ya kununulia vifaa. Nikamtumia kwa simu, jina lililotokea siyo lake, akasema ni la mke wake, na mimi nikaendelea tu kutuma.

Alifika saa 4 asubuhi, saa 9 alasiri kamaliza. Hakukata lengelenge hata moja, aliyatoboa kwa bisibisi, yakatoka maji machafu kidogo, wala hakusubiri pakauke, akapaka puti juu, na ufa nao akaujaza puti hiyohiyo. Hiyo jeli ya Ujerumani ni puti ya kunyooshea bodi za magari, nasema hivyo kwa sababu kopo lake alilisahau nyuma ya nyumba na lina picha ya gari. Akapiga msasa kidogo, akafuta jakuzi zima kwa tina ya kuchanganyia rangi, akamalizia na rangi nyeupe ya kopo ya kupuliza. Likang'aa kweli, nikampa 600,000 iliyobaki.

Siku ya 9 wageni wangu wametoka majini wana maganda meupe mgongoni na kwenye nywele za mtoto wao. Nilijisikia vibaya sana. Nafungua filta, imejaa vipande kama maganda ya yai, na malengelenge yamerudi makubwa kuliko mwanzo. Puti ile inanyonya maji, haikutengenezwa kukaa kwenye maji ya nyuzi 38 yenye klorini usiku na mchana. Ila kinachoniuma kuliko vyote ni tina, maana akriliki na tina haviivi chungu kimoja, na asetoni ni vilevile. Kila alipofuta pamejaa vinyufa vyembamba kama utando wa buibui, vile havikuwepo kabisa, yaani alinikuta na malengelenge matatu na ufa mmoja kaniachia jakuzi zima bovu.

Kumpigia, ananiambia dada klorini yako ni kali, nitumie laki 4 nije kupiga koti ya pili. Nilipokataa, namba haipatikani mpaka leo. Ndo nikarudi kwenye zile picha zake nikaziangalia kwa utulivu, ya kabla jakuzi lina matundu manne ya jeti upande wa kushoto, ya baada lina sita. Ni majakuzi mawili tofauti!! Nimeshachukua RB, jina lake sitalitaja hapa mpaka polisi wafanye kazi yao.

Nikamwita fundi anayetengeneza boti za faiba, mzee wa kazi, akaangalia akatikisa kichwa. Anasema lengelenge lazima likatwe mpaka ufike pale ngozi ilipoishika faiba vizuri, paachwe pakauke siku kadhaa, ndo ujaze epoksi, ile gundi ngumu, ya kukaa majini, kisha upige msasa taratibu ukianza na wa kukwaruza mpaka ule laini. Ufa unatobolewa kitundu kila ncha usiendelee kukimbia, halafu unachimbwa kama herufi V kabla ya kujazwa, na ukiwa umepenya inabidi kufungua pembeni, kutoa lile povu gumu la kutunza joto na kuweka faiba mpya kwa nyuma. Tena kaniambia wazi kwamba rangi haitalingana mia kwa mia, kiraka kitaonekana ukisogea karibu. Basi mtu akikwambia siku 1 na alama haitaonekana, mwombe kwanza akuonyeshe kopo la anachotaka kupaka, na usimwache akaribie na tina.

Jakuzi sasa nimelifunika turubai jeupe, mzee anaanza kukata Jumatatu. Kama na wewe alikupitia, njoo inbox na meseji zake pamoja na risiti ya muamala, tukiwa wengi kwenye jalada itasaidia.